Shamiseni Ikikaa na Gitaa: Nani Amfuate Nani

Ndugu wanamuziki, walimu wangu, na ninyi nyote mliokuja na vyombo vyenu mgongoni,

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo ukilisikia kwa jina lake utaliona dogo: namna ya kupatanisha nyuzi za shamiseni, chombo cha jadi cha Wajapani, ili kiweze kupigwa pamoja na gitaa. Nimepiga gitaa tangu nikiwa kijana wa kwaya, na shamiseni nimeishika baadaye sana, nikiwa mtu mzima mwenye vidole vilivyokwisha kuzoea njia nyingine. Katika miaka hiyo yote, swali ambalo wapiga gitaa wenzangu wameniuliza mara nyingi kuliko jingine lolote ni hili: shamiseni inakazwa kwenye noti gani? Huuliza wakiwa tayari na kifaa cha kupimia sauti mkononi, wakingoja niwatajie herufi tatu ili tuanze kazi. Nami huwajibu kwamba shamiseni haina noti yake. Naomba leo nilieleze jibu hilo kwa kirefu, kwa sababu mengine yote nitakayosema yanatoka humo.

Chombo hiki mnachokiona mapajani mwangu kina urefu wa kama mita moja, kina nyuzi tatu, na shingo yake ni laini toka juu hadi chini, haina vile vyuma vya kukatia noti ambavyo gitaa linavyo. Tumbo lake ni fremu ya mbao yenye pande nne, iliyofunikwa ngozi mbele na nyuma, na kwa jadi ngozi hiyo ni ya paka au ya mbwa, ingawa siku hizi ziko pia ngozi za kutengenezwa kiwandani. Hupigwa kwa bachi, kipande kipana chenye umbo la upepeo uliofunguka kidogo, ambacho hugonga uzi na ngozi kwa pigo moja, na kwa hiyo kila noti huzaliwa pamoja na ngoma yake. Mababu wa chombo hiki walitoka China wakapita visiwa vya Ryukyu, ambako mpaka leo wanapiga sanshini yenye ngozi ya chatu, na katikati ya karne ya 16 kikafika bandari ya Sakai, karibu na Osaka. Huko kiliangukia mikononi mwa wapiga biwa, chombo kingine cha nyuzi cha Wajapani, na ndio waliokipa bachi hii pamoja na ile sauti ya mvumo nitakayoieleza baadaye.

Kwa muda mrefu wa maisha yake shamiseni imekuwa chombo cha kumsindikiza mwimbaji au msimulizi, na hapo ndipo penye jibu la lile swali. Mwimbaji akiwa na sauti nzito, nyuzi hulegezwa. Akiwa na sauti nyembamba, hukazwa. Wajapani wanazo hata namba za kupangia jambo hilo, kila namba ikipanda nusu toni moja, yaani hatua ya chuma kimoja cha gitaa: namba ya kwanza ni A, ya nne ni C, ya sita ni D, na kadhalika. Mwimbaji anapofika hutaja namba inayomfaa siku hiyo, na mpigaji hukaza vigingi vyake kwa namba hiyo bila kubishana. Asubuhi ile ile anaweza kumpigia mtu mmoja kwa C na jioni akampigia mwingine kwa E iliyoshushwa nusu toni, na wimbo ni ule ule.

Kisichobadilika ni uhusiano wa nyuzi zenyewe kwa zenyewe, na uhusiano huo una mitindo mitatu mikuu. Katika honchoshi, uzi wa pili uko juu ya wa kwanza kwa noti nne, na wa tatu uko oktavi moja juu ya wa kwanza. Tukianzia D tunapata D, G, D. Katika niagari, maana yake uzi wa pili umepanda, tunapata D, A, D. Katika sansagari, uzi wa tatu umeshuka toni nzima kutoka honchoshi, nasi tunapata D, G, C. Honchoshi huhesabiwa kuwa ndio msingi, niagari ina uchangamfu, na sansagari ina majonzi ndani yake. Katika nyimbo ndefu za jukwaa la kabuki, tamthilia ya jadi ya Wajapani, mpigaji huhama kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine katikati ya wimbo, akizungusha kigingi huku mkono wa kulia hausimami, nami nakiri kwamba mara ya kwanza nilipoliona hilo kwa karibu nilisahau kusikiliza wimbo.

Basi mtu anaposema kwamba kuilinganisha shamiseni na gitaa ni kuiharibu mila, mimi sikubaliani naye hata kidogo. Chombo hiki kimezoea kumfuata mwingine kwa karne nne na zaidi. Gitaa linapokaa pale ambapo zamani alikaa mwimbaji, likataja sauti yake, shamiseni inalijua jambo hilo vizuri kuliko gitaa lenyewe. Lakini kufuata kuna mpaka wake, na mimi mpaka huo niliujua kwa kuuvuka.

Mara yangu ya kwanza kupiga mbele ya watu pamoja na mpiga gitaa, tulikubaliana kwa haraka kwamba tupige katika E, kwa kuwa E ndiyo noti ambayo gitaa la kawaida hulijaza tumbo lake, uzi mnene na uzi mwembamba zote zikiwa E. Shamiseni yangu ilikuwa imezoea C. Nikazungusha vigingi hadi E bila kubadili nyuzi. Uzi wa tatu, uliokuwa wa hariri, ulikatika kabla hatujamaliza wimbo wa pili, na zile nyuzi mbili zilizobaki zilikuwa na sauti kavu, nyembamba, isiyo na mwili. Baadaye nilipoketi na kalamu nilielewa nilichokifanya. Mvutano wa uzi hukua kwa mraba wa kasi ya mtetemo wake. Kwa hiyo kuupandisha uzi ule ule kutoka C hadi D ni kuuongezea mvutano kwa asilimia 26 hivi, na kuupandisha kutoka C hadi E ni kuuongezea karibu asilimia 59. Mzigo huo wote hushuka kupitia koma, kile kidaraja kidogo kinachosimama juu ya ngozi bila kugundishwa, na ngozi nayo hukandamizwa hadi ikakosa nafasi ya kupumua. Anayetaka kupiga katika sauti ya juu hana budi kuvaa nyuzi nyembamba zaidi, na anayetaka kushuka avae nene. Nyuzi za shamiseni huuzwa kwa unene mbalimbali kwa sababu hiyo hiyo. Kigingi peke yake hakitoshi.

Hasara ya pili siku ile ilikuwa kubwa kuliko uzi uliokatika, nayo ni kupotea kwa sawari. Tazameni hapa juu, kwenye shingo. Uzi wa pili na wa tatu hupita juu ya kijiti kidogo cha chuma, lakini uzi wa kwanza, ule mnene, haukipandi kijiti hicho; hupita pembeni yake na kugusa mbao ya shingo kwa wepesi sana kwenye kituta kilichochongwa makusudi. Ukiupiga, hauimbi kwa usafi, bali hutoa mvumo kama wa nyuki ndani ya mzinga. Mvumo huo ndio sawari. Wale mnaozijua malimba za Wagogo wa Dodoma hamtashangaa kwamba watu wachonge chombo kwa uangalifu mkubwa ili kivume, kwani sauti isiyo na vumbi lolote huweza kuonekana kuwa haijamalizika. Mpiga gitaa, kinyume chake, akisikia uzi wake unavuma hukimbilia kwa fundi.

Sawari ndiyo sikio la shamiseni. Uzi wa tatu ukiwa oktavi kamili juu ya wa kwanza, ukaupiga huo wa tatu peke yake, uzi wa kwanza utaitikia wenyewe bila kuguswa, na mvumo utasikika ukiinuka chini ya noti. Ukiwa umekosea kidogo tu, mwitikio hufifia. Katika niagari uzi wa pili nao huitikiwa kwa nguvu, kwa sababu A na D zinakutana mapema katika ngazi ya sauti ndogondogo zilizojificha ndani ya kila uzi, na nadhani uchangamfu unaosemwa wa mtindo ule unatoka kwa sehemu hapo. Ndiyo maana nawaomba wapiga shamiseni wanaoanza wasikitegemee kifaa cha umeme isipokuwa kwa uzi mmoja. Upimeni uzi wa kwanza kwa kifaa au kwa gitaa, kisha kiwekeni kifaa mfukoni, na nyuzi mbili zilizobaki mzitafute kwa sawari. Tena mara nyingi kifaa hicho huchanganywa na mvumo wenyewe, mshale ukarukaruka baina ya noti mbili, nacho hakina kosa, kwani kweli kinasikia sauti nyingi kwa wakati mmoja. Shamiseni nyingi za shingo nene, kama zile za Tsugaru huko Aomori, kaskazini mwa Japani, zina skrubu nyuma ya shingo ya kuisogeza sawari. Ukihama kutoka C kwenda D, uzi hukaa tofauti juu ya mbao, na skrubu hiyo lazima iguswe upya.

Kabla hata ya hayo, wapigaji wawili wakubaliane juu ya A yao. Kipimo cha kimataifa ni hezi 440, kilichopendekezwa katika mkutano wa London mwaka 1939 na kuingizwa baadaye katika viwango vya ISO, shirika la kimataifa la viwango, mwaka 1955. Hata hivyo Japani piano nyingi za ukumbini hukazwa kwa hezi 442, na mtu aliyefundishwa huko huenda kifaa chake kimewekwa hivyo bila yeye kukumbuka. Tofauti hiyo ni kama sehemu nane kati ya mia za nusu toni, nanyi mnaweza kudhani si kitu. Lakini zipigeni A mbili za namna hiyo kwa pamoja na mtasikia sauti ikijaa na kupungua mara mbili kila sekunde, kama kifua cha mtu aliyetoka kukimbia. Kupungua na kujaa huko ndiko sikio linakokutumia kupatanisha: kadiri mawimbi yanavyokwenda polepole ndivyo mnavyokaribiana, na yakikoma mmefika.

Nimekwisha sema kwamba shamiseni hulifuata gitaa. Sasa niseme upande wa pili, ambao wapiga gitaa hawaupendi mwanzoni: gitaa nalo litapaswa kuhama kidogo kutoka mahali pake. Na hapa nataka kukaa kwa muda, kwa kuwa ndipo palipo na utamu wa jambo lenyewe.

Chukueni D kuwa makao. Ni namba ya sita katika hesabu ya Wajapani, shamiseni huibeba bila taabu ikiwa imevaa nyuzi zinazofaa, na uzi wake wa kwanza huangukia mahali pamoja na uzi wa nne wa gitaa. Ngazi ya noti inayotawala muziki wa mijini wa shamiseni ina noti tano: D, E iliyoshushwa nusu toni, G, A, na B iliyoshushwa nusu toni. Mtafiti Koizumi Fumio, aliyefariki mwaka 1983, alitufundisha kuisoma ngazi hiyo kwa jicho la Kijapani. Tusiitazame kama noti tano zilizo sawa, bali kama nguzo zinazosimama kwa umbali wa noti nne, na kati ya nguzo mbili pana noti moja ya kupita. Nguzo zetu ni D, G na A. Noti mbili zilizobaki, zile zilizoshushwa, ndizo za kupita. Nguzo hazitikisiki. Noti ya kupita, kwa upande wake, ina uhai. Mpigaji huibana karibu na nguzo iliyo chini yake, mara nyingi chini zaidi ya pale ambapo gitaa lingeikata, na jinsi anavyoibana ndivyo utakavyomtambua mwalimu wake.

Sasa ligeukieni gitaa katika mpangilio wake wa kawaida: E, A, D, G, B, E. Nyuzi zilizo wazi za A, D na G ni nguzo zetu tatu kamili, kana kwamba mtu alizitayarisha. Lakini E mbili na B moja ni adui wa zile noti mbili za kupita, kwani ziko nusu toni tu juu yake. Mpiga shamiseni anabana noti yake kwa uchungu wote alio nao, na gitaa, kwa uzi ulioachwa ulie wenyewe, linamkanusha. Gitaa hudumu, shamiseni hufa haraka. Kwa hiyo kinachobaki hewani ni lile kanusho. Nimewasikia watu wakisema baada ya mapatano ya namna hiyo kwamba shamiseni haikukazwa vizuri. Ilikuwa imekazwa vizuri kabisa.

Dawa yake ni kuzishusha nyuzi hizo tatu toni moja moja: E nene iwe D, B iwe A, E nyembamba iwe D. Gitaa sasa linasoma D, A, D, G, A, D. Wapiga gitaa wengi wenu mnaujua mpangilio huu, na huenda mnaunasibisha na nyimbo za Ireland na Scotland. Aliyeueneza ni Davey Graham, Mwingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya kukaa Tangier nchini Moroko na kuwasikia wapiga udi, akitafuta njia ya gitaa lake kukaa nao bila kuwaharibia. Nalisema hili kwa furaha mbele ya wapiga udi wa taarabu waliomo humu: mpangilio unaoliwezesha gitaa kukaa na shamiseni ulizaliwa kwa ajili ya kukaa na chombo chenu, ambacho nacho kina shingo isiyokatwa na vigingi vya kusukuma kwa kidole gumba. Na tazameni zaidi. Nyuzi nne za chini ya mkono, D, G, A, D, zimebeba ndani yake honchoshi nzima, yaani D, G, D, na niagari nzima, yaani D, A, D, kila noti katika kimo chake cha kweli. Mpiga shamiseni akihama mtindo katikati ya wimbo, gitaa halina haja ya kugusa kigingi.

(Kwa kuwa tumetaja taarabu, niongeze kwamba pwani yetu imekwisha kuwa na chombo cha Kijapani kwa miongo mingi. Tashkota ya taarabu ya Mombasa ndiyo taishokoto, iliyobuniwa na Morita Goro mjini Nagoya mwaka 1912, yenye vitufe mithili ya taipureta. Lakini vitufe hukata noti kama vyuma vya gitaa, basi haina tatizo hili tunalolizungumza.)

Kwa anayeanza, na asiyetaka kulivuruga gitaa lake lote, ipo njia fupi: shusha uzi mnene peke yake hadi D, tumia nyuzi nne za juu ya mkono, na zile mbili nyembamba zizuie zisilie. Katika mazoezi chungeni jambo moja ambalo limewahi kutupotezea nusu saa nzima mimi na mwenzangu: mpiga gitaa akisema uzi wa kwanza anakusudia ule mwembamba kabisa, na mpiga shamiseni akisema uzi wa kwanza anakusudia ule mnene kabisa. Tajaneni kwa noti, msitajane kwa namba.

Linabaki suala la chodi. Chodi ya D kubwa ina F iliyopandishwa, na chodi ya D ndogo ina F. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyomo katika ngazi yetu. Mpiga gitaa akiingiza mojawapo amekwisha kuamua, kwa niaba ya shamiseni, kama wimbo huu ni wa furaha au wa huzuni, wakati ngazi yenyewe imekataa kuamua. Namwomba basi apige D na A bila kitu katikati, au G na D, aache uwazi, na katika uwazi huo noti ya kupita ya shamiseni itasema yenyewe. Mwalimu wangu, mama mzee wa Aomori ambaye hakuwahi kupiga gitaa hata siku moja, alisikiliza jaribio letu la kwanza la namna hii akiwa amefumba macho, kisha akaomba gitaa lipunguze tena. Tulipunguza mara tatu. Mara ya tatu lilikuwa limebaki na nyuzi mbili, naye akaichukua bachi yake.

Kuhusu hali ya hewa nitasema kidogo tu, maana kila mwenye chombo cha ngozi hapa pwani anaijua shida yake. Ngozi hulegea katika unyevu, hariri hunyonya maji, vigingi hukataa kushika. Uzi mpya uvutwe kwa mkono mara kadhaa na kukazwa upya hadi utulie, na shamiseni ikazwe dakika za mwisho, baada ya gitaa, si kabla.

Sasa nimezungumza vya kutosha, na nyuzi zangu zimekwisha kushuka wakati nikizungumza, nazisikia. Mwenzangu, tafadhali, nipe uzi wako wa nne, uache ulie bila kuuzuia. Asante. Hiyo ndiyo D yetu. Uzi wangu wa kwanza uko chini yake kidogo, mnasikia mawimbi yanavyokwenda mbio. Nasukuma kigingi ndani huku nikizungusha, yanapungua, yanapungua, yamekoma. Naupiga wa tatu peke yake. Bado. Sasa. Sikilizeni hapo chini, ule wa kwanza umeanza kuvuma na hakuna aliyeugusa.